Piga Hodi Kwanza: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kuwasaidia Watu Wenye Ulemavu Kuishi Kwao

Wanapokuja vijana wapya, wengi wakitoka vyuo vya ustawi wa jamii, huwa nawapeleka mtaa wa Ngamiani kabla sijawapa fomu yoyote. Nataka waone nyumba. Nyumba nyingi za Tanga mjini bado ni zile za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma penye jiko, bomba na choo cha wapangaji wote. Mtu mwenye ulemavu akipanga chumba hapo anaishi na kaya nyingine kadhaa, anasikia redio zao, wanasikia kikohozi chake. Kwa hiyo aliyekuja akidhani kwamba kujitegemea ni kukaa peke yako, hapo inabidi afikiri upya. Anayejitegemea ni yule anayeamua: ataishi wapi, na nani, atakula nini, nani aingie chumbani mwake. Hilo la wapi na nani limo katika Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, mkataba wa mwaka 2006 ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 nasi tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Isomeni, lakini msiishie hapo.

Chumba chake kisigeuke ofisi yako. Piga hodi, ngoja uambiwe karibu. Usipokaribishwa, rudi barazani ukae, au nenda uje baadaye. Kama ni kiziwi, kubalianeni mapema ishara ya kumjulisha kwamba uko mlangoni: ujumbe wa simu, au taa yenye swichi ya nje. Nimeona wasaidizi wenye moyo mzuri kabisa wakisukuma mlango, wakifungua dirisha, wakianza kufagia, na mwenye chumba yuko kitandani bado hajajifunga hata kanga. Moyo wao ulikuwa wa huruma, lakini aliyevuliwa heshima ni mwenye chumba.

Na salamu. Mtu wa miaka 50 mwenye ulemavu wa akili ni mtu wa miaka 50. Hapa kwetu kijana hamwambii mtu wa umri huo "mambo vipi", wala hamshiki shavu, wala hamwiti "mtoto wetu". Anamwamkia shikamoo, anangoja marahaba hata ikichelewa kutoka. Watu wazima wa mtaani wanakutazama. Ukimwamkia, nao kesho watamwamkia. Ukimfanya mtoto, muuza genge naye atakuuliza wewe, "Huyu anataka nini?" Swali hilo likija, usilijibu. Mgeukie uliyefuatana naye, umngoje aseme au aonyeshe kwa kidole. Muuzaji akishaona hivyo mara chache, atamuuliza mwenyewe.

Sasa suala la nyumba, ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Nchini Australia, mfumo wao wa bima ya ulemavu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, hulipia msaada wa nyumbani kwa mtu anayehitaji kusaidiwa sehemu kubwa ya siku. Fedha hiyo ya msaada hailipi kodi ya nyumba wala chakula. Makazi yana hesabu yake, msaada una hesabu yake. Kwetu hakuna mfuko wa aina hiyo. Sisi tunategemea familia, mashirika, misikiti, makanisa na kipato cha mtu mwenyewe. Hata hivyo utaratibu wa kutenganisha nyumba na msaada tunaweza kuuiga bila senti moja. Shirika linalomsaidia mtu lisiwe ndilo mwenye nyumba wake. Likiwa hivyo, siku akigombana na msaidizi, anaogopa kusema, maana akisema anaweza kulala nje. Mkataba wa pango uwe na jina lake na sahihi yake au dole gumba lake, baada ya kusomewa kila kifungu kwa maneno mepesi. Mwenye nyumba akisema "nataka jina la mtu mzima", mweleze kwa adabu kwamba mtu mzima ndiye huyu, na mwenyekiti wa mtaa awepo kushuhudia.

Kabla ya kulipa kodi, ambayo mara nyingi hudaiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kagueni nyumba pamoja naye. Nyumba za zamani zina baraza zilizoinuliwa. Kipimo kinachopendekezwa kwa mteremko wa kiti mwendo ni moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4. Pimeni kama baraza ina nafasi hiyo na kama hamtaziba njia ya watu. Pimeni upana wa mlango wa chooni. Choo cha kuchuchumaa kinawezekana kwa kiti kilichotobolewa katikati. Fundi seremala yeyote mzuri atakitengeneza akielezwa vizuri na mtumiaji mwenyewe, akakipima na urefu wa kiti mwendo.

Halafu kuna michango. Wapangaji hugawana gharama za umeme wa Luku na maji. Mara nyingi utasikia, "Yeye tumwache tu, maskini." Mwambie asikubali kuachwa kama ana uwezo wa kutoa. Siku bomba likigombaniwa, aliyesamehewa mchango hana sauti. Anayetoa hata kidogo ana haki ya kusema ndoo yake ilitangulia.

Kufundisha kazi za nyumbani ndiko kunakochukua muda mwingi, na ndiko wengi wenu mtakakochoka. Chukua kupika chai. Kwetu sisi ni kitendo kimoja, kwa anayejifunza ni hatua kumi na zaidi: kuosha sufuria, kupima maji, kuwasha jiko, kutia majani, na kuendelea. Ziandike au zichore zote. Kisha anzia mwisho. Fanya hatua zote mbele yake, ile ya kumimina kikombeni mwachie yeye. Akiimudu, mwachie mbili za mwisho, kisha tatu, ukirudi nyuma taratibu. Faida yake ni kwamba tangu siku ya kwanza yeye ndiye anayemaliza kazi, na anakunywa chai aliyoimimina mwenyewe. Ukianzia mwanzo, atachoka kabla hajaona chochote.

Ukishamwambia kitu, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wanahitaji muda maneno yaingie, na sisi tunawakatiza kwa kurudia sentensi ileile kwa sauti ya juu zaidi. Akikwama, anza na msaada mdogo: mtazamo, au kidole. Ukishindikana, neno. Kisha mwonyeshe. Kumshika mkono ni mwisho, na kwa ridhaa yake. Na kila wiki punguza. Msaada usiopungua pale unapoweza kupungua humfunga mtu kwako.

Fundisha mahali penyewe. Anayejifunza kununua nyanya darasani kwa noti za kuigiza anaweza kushindwa kabisa Soko la Mgandini, kwa kelele na msongamano. Nenda naye palepale, kwa fedha yake halisi. Asiyejua kusoma anaweza kujifunza noti kwa rangi: elfu kumi nyekundu, elfu tano ya zambarau, elfu moja ya bluu. Asiyeona anazipanga kwa kukunja, kila aina mkunjo wake, akizipokea tu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ukali kidogo. Namba ya siri ya simu yake usiijue. Akikutajia, mwambie aibadilishe leo. Akishindwa kabisa kuitumia peke yake, basi itafutwe njia inayoshuhudiwa na watu wawili, mmoja wao aliyemchagua yeye na asiye mfanyakazi mwenzako, na kila shilingi iandikwe. Wala usimkope, wala usimkopeshe. Akitumia fedha yake vibaya, akanunua kofia ya elfu ishirini na tarehe bado kumi, usimnyang'anye kofia. Mketi mhesabu kilichobaki, muone atakulaje. Sisi wenyewe tumejifunza fedha kwa njia hiyohiyo.

Lakini yapo mambo ya mwili ambayo hayangoji mtu ajifunze kwa kukosea. La kwanza ni vidonda vya mgandamizo kwa aliyeumia uti wa mgongo. Mara nyingi hana hisia sehemu za chini, hivyo hasikii ngozi inapokufa. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwenye kiti anyanyue makalio au aegemee upande kila dakika 15 hadi 30. Joto la Tanga na jasho lake huilainisha ngozi na kuiharibu upesi, kwa hiyo shuka kavu na mto mzuri wa kukalia ni dawa. Kila siku akague kwa kioo cha mkono, au akuombe umkagulie: mkiani, mifupa ya makalio, nyonga, visigino. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa, tafuta pale palipo na joto kuliko penginepo, pagumu, au peusi zaidi. Ukipaona, pasiguswe na uzito wowote mpaka parudi kawaida. Ngozi ikishachubuka, ni zahanati siku hiyohiyo.

La pili ni kifafa. Mtu akianguka, angalia saa. Ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie. Mtetemo ukiisha mlaze ubavu. Ukipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Tuliza watu wa uani kabla hawajaanza kummwagia maji. Afadhali zaidi uwafundishe wapangaji wenzake hayo yote siku ya amani, kwa idhini yake, kwa sababu wao ndio watakaokuwepo usiku. Jiko la mkaa la kukaa chini ni hatari kubwa kwake. Liinulieni kwenye meza ya udongo au tofali, liegemee ukuta. Na dawa zisikatishwe ghafla kwa sababu yoyote, maana kuzikatisha kunaweza kuleta mishtuko isiyokoma.

Hapo Ramadhani inaingia. Wengi watataka kufunga, na uamuzi ni wao na dini yao. Kazi yako ni kuhakikisha wanakwenda kliniki, hospitali ya Bombo au kituo cha karibu, kabla mwezi haujaandama. Daktari anaweza kuona kama dozi za mara mbili kwa siku zitahamia futari na daku, au kama mtu huyu hafai kufunga. Usije ukagundua katikati ya kumi la kwanza kwamba anaruka dozi ya asubuhi kimyakimya.

Utakutana na mama aliyemlea mwanawe miaka thelathini bila kulala mbali naye, na leo wewe unaongea habari ya chumba mtaa wa Makorora. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msikilize sana. Muulize alikuwa anafanya nini mwanawe akikosa usingizi, chakula gani kinamdhuru, neno gani linamtuliza. Elimu hiyo hamkupewa chuoni. Ila mwanawe akiwa amesema anataka kuhama, usigeuke mpatanishi anayevuta upande wa mama kwa sababu tu mama anaongea vizuri zaidi. Waanze kwa usiku mmoja, kisha wikiendi, mama aje kama mgeni, apikiwe. Hilo la kupikiwa na mwanawe limewageuza wazazi wengi kuliko semina zetu.

Mtu akitaka mtaji, mfuate ofisa ustawi wa jamii na ofisa maendeleo ya jamii wa kata pamoja naye. Katika mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, mbili ni za watu wenye ulemavu. Vyama vyao wenyewe vinajua njia kuliko sisi: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania), na shirikisho lao SHIVYAWATA. Mkutanishe nao mapema. Kituo cha kwanza cha maisha ya kujitegemea kilichojulikana sana duniani, kile cha Berkeley, California, mwaka 1972, kilianzishwa na watu wenye ulemavu wenyewe, akiwemo Ed Roberts aliyepooza kwa polio. Wataalamu walifuata baadaye. Mtu aliyeishi na fimbo nyeupe miaka ishirini atamfundisha mwenzake kuvuka barabara yenye bodaboda vizuri kuliko mimi na wewe.

Mwisho ni daftari la makabidhiano. Kila zamu inaandika kwa ajili ya zamu ijayo, na hapo ndipo lugha yetu inapotufichua. Usiandike "leo alikuwa msumbufu". Andika ulichoona: alikataa uji saa moja, alisema mdomo unauma, saa tatu alikula muhogo laini. Msaidizi wa jioni atatazama jino. Mengine ya siri, kama wapenzi wake au ugomvi wake na ndugu, hayahusu zamu, yabaki kwake. Daftari likae chumbani kwake, si kwenye begi lako. Akitaka kulisoma alisome, asiyesoma msomee, na akisema umeandika uongo, mwachie nafasi chini yake aweke maneno yake.