Kapera, mdogo wako akihamia kwako

Mdogo wangu alipiga hodi saa tatu usiku akiwa na begi moja na feni. Feni ndiyo iliyonitisha. Mtu anayekuja kutembea habebi feni.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba na sebule Sinza, Dar es Salaam, na wazee wetu walikuwa Tanga. Wiki ileile, kwa bahati tu, tukaangalia wote filamu ya vichekesho ya mwaka 1963, Come Blow Your Horn. Frank Sinatra ni Alan, kaka mkubwa anayekula ujana New York. Buddy, mdogo wake, anatimiza miaka 21, anawaachia wazazi barua na kuhamia kwa kaka. Baba yao ana kiwanda cha matunda bandia, na vijana wote wawili wameajiriwa humo. Yaani ukimkosea baba, umemkosea na bosi.

Filamu imetokana na tamthilia ya kwanza ya Neil Simon kufika Broadway, mwaka 1961. Simon alikulia New York katika familia ya Kiyahudi, na wazee wale wanaongea kama watu aliowasikia nyumbani kwao. Mama ni Molly Picon, nyota wa michezo ya kuigiza ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Akisema hana neno, unajua ana maneno ya mwezi mzima. Baba ni Lee J. Cobb, ambaye kwa umri halisi alimzidi Sinatra miaka minne tu! Lakini akianza kufoka, unasahau hesabu hiyo.

Kwa baba huyo, mwanamume aliyevuka thelathini bila kuoa ana jina moja tu: mhuni. Nilicheka, maana bibi yangu alilitumia neno hilohilo kwa maana hiyohiyo. Kwa wazee wa pwani, mhuni si lazima awe mkorofi. Kutooa tu kunatosha.

Sasa ushauri, kwa aliyefikiwa na mgeni mwenye feni. Kwanza, piga simu nyumbani usiku uleule, kabla hawajapiga wao. Mimi nilingoja asubuhi, na baba akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo umemchukua?" Kana kwamba nimeiba mbuzi.

La pili ndilo lililonigharimu. Usimtume mdogo wako akudanganyie. Alan anamfanya Buddy ajidai mtayarishaji wa filamu wa Hollywood ili kumzuga binti mmoja jengo lilelile. (Binti huyo kaandikwa kama hana akili kabisa. Sehemu hiyo imezeeka vibaya, na ukiangalia na dada zako jiandae kujibu.) Mimi nilimfundisha wangu kusema "kaka yuko safarini" kwa yeyote nisiyetaka kumwona, mwenye nyumba akiwemo. Baada ya miezi miwili nikampigia mdogo wangu mwenyewe kumuuliza kodi yake ya mwezi iko wapi. Akapokea rafiki yake: "Yuko safarini." Nyuma namsikia anacheka.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilimfokea jioni ile mpaka nikajishtukia, maana sauti ilikuwa ya baba, hata kile kidole cha shahada hewani. Alan naye yanamkuta hayohayo: anamwona Buddy kawa yeye mtupu, na anayefoka ghafla ni baba yao kwenye mdomo wake. Hapo sikucheka tena. Kwa hiyo kama una tabia unayopanga kuiacha ukishaoa, iache kabla begi halijaingia ndani. Mdogo wako haoni mipango yako, anaona saa unayorudi.

La tatu, mama akija kukagua, ondoka na simu yako. Kuna kipande Molly Picon yuko peke yake kwa mwanawe, simu inalia na kulia, penseli haionekani, ujumbe unapotea. Mimi nilienda kununua mkate tu, simu nikaiacha mezani.

"Kapiga msichana," mama akaniambia.

"Nani?"

"Sikumuuliza jina. Nimemwambia umekonda."

Mdogo wangu akaangua kicheko kwenye kochi. Mama akamgeukia taratibu.

"Na wewe unacheka nini? Feni yangu iko wapi?"