Lori la sianidi likipinduka Kibaigwa

Kaka, umeuliza kama zimamoto watakuja na kumwaga maji tu. Kwa sianidi ya migodini, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, maji ndiyo ya kuogopa: vile vidonge vyeupe vinayeyuka, vinateremka mtaroni, na vikikutana na asidi vinatoa gesi inayoua. Hata kizimamoto cha kaboni dayoksaidi hakifai hapo.

Wewe tazama kibao cha rangi ya chungwa kwenye lori. Namba ya chini ikiwa 1689, ni sianidi ya sodiamu. 1203 ni petroli. Piga 114 ya zimamoto, wasomee namba hiyo, kisha kaa upande upepo unakotokea (kwa vumbi letu la Dodoma hutakosa kuujua).

Mimi siogopi askari wa zimamoto kukosa mavazi ya kinga kama ninavyoogopa sisi wenyewe. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka na kulipuka, zaidi ya watu 100 walikufa, wengi walikuwa wakichota petroli. Sasa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, nani ataacha mapipa mazima yalale barabarani?