Ukitaka masikini waingie kwenye uchumi wa kijani, uliza kwanza Januari wanakula nini

Kamwene ndugu zangu. Natumiwa sana meseji na vijana waliomaliza chuo, wengine wako kwenye mashirika, wengine wamerithi mashamba huku Mufindi na Njombe, na swali lao ni lile lile, tunawaingizaje watu wa hali ya chini kwenye hii miradi ya miti, parachichi, nyuki na majiko banifu yanayokula kuni kidogo, mbona tukiwaita hawaji, au wanakuja siku ya semina alafu hawaonekani tena. Mi sijasomea uchumi. Nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama na vijana kwenye kijiji kimoja wilaya ya Mufindi kwa miaka tisa sasa, nimeona yaliyofanikiwa na nimeona yaliyokufa, kwahiyo naandika niliyoyaona kwa macho.

Mwaka wetu wa kwanza tulipata miche ya misindano, ile miti ya mbao, aina ya patula, tukamuomba mwenyekiti wa kitongoji atutajie kaya 40 zenye hali ngumu kabisa, tukazitangazia kwamba kila kaya itapewa miche ya kutosha ekari moja bure. Ekari moja ukipanda mita 3 kwa 3 inaingia miche 440 hivi, sio kidogo. Zilikuja kaya 11. Nilikasirika sana, nikasema maneno mabaya juu ya watu wa kijiji changu mwenyewe, kwamba hawataki maendeleo, wamezoea kupewa, na yale maneno najutia mpaka leo. Jioni yake shangazi mmoja mjane akanikalisha jikoni kwake akaniuliza, mwanangu, hiyo miche mmeigawa mwezi wa ngapi? Nikasema Januari, si ndio mvua imekolea. Akaniuliza, na Januari sisi tunakuwa wapi?

Nilikaa kimya maana jibu nilikuwa nalijua, nimezaliwa hapa hapa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili hivi. Miti inapandwa Desemba mpaka Februari ili ishike mizizi kabla ya kiangazi. Miezi hiyo hiyo ndio ya palizi ya mahindi, na miezi hiyo hiyo ndio ghala limeisha, mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado yako shambani mabichi. Sasa mwenye uwezo analipa vibarua wampalilie, na anayelipwa kupalilia ni yule yule asiye na kitu, akitoka kwenye kibarua ndio anapita dukani kununua unga wa siku ile. Kwahiyo mimi nilikuwa namwambia mtu aache kibarua cha leo chenye unga wa leo aende akachimbe mashimo 440 ya miti itakayomlipa mtoto wake akiwa mtu mzima. Yule aliyeacha kuja alikuwa anapiga hesabu vizuri kuliko mimi.

Toka siku ile ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniuliza ni huo, kabla hujaandika mradi chukua daftari uandike miezi kumi na miwili, kila mwezi uandike yule mama anakula nini, anapata wapi hela, anadaiwa nini, ada ya mtoto inaingia lini. Alafu ndio uangalie mradi wako unamtaka mwezi gani na unamlipa mwezi gani. Miradi mingi ya kijani inamtaka kwenye njaa na inamlipa akiwa mzee, na mtu anashangaa kwanini haendi.

Kilichotukomboa sisi ni kitalu. Miche ya patula ya kupandwa Desemba inaandaliwa kuanzia kama mwezi wa tano wa sita, kusia mbegu, kujaza viriba, yaani vile vifuko vya udongo vya kuoteshea miche, kuhamisha, kumwagilia, kung'olea majani, hizo zote ni kazi za kiangazi wakati mtu hana palizi, na tulikubaliana kulipa kwa idadi ya viriba ulivyojaza, unajaza leo unalipwa Jumamosi. Na wateja wa miche wanakuja lini? Novemba mpaka Januari, wenye mashamba makubwa wanapita kila kitalu wanatafuta. Yaani hela kubwa inaingia pale pale njaa inapoanza. Mwaka wa pili wa kitalu wale wale walioitwa hawataki maendeleo walikuwa wanakuja kabla jua halijatoka, na baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba mnaijua.

Tulipata hasara pia, niseme ili mwingine asirudie. Awamu ya kwanza miche ilikuwa ya njano, imedumaa, tukamwagilia wee hakuna kitu. Bwana misitu alipokuja akauliza udongo mmetoa wapi, tukasema bondeni, udongo mweusi mzuri kabisa. Akasema msindano unahitaji fangasi wanaoishi kwenye mizizi yake wa kuusaidia kula chakula ardhini, kachukueni udongo chini ya misindano ya zamani mchanganye. Tukafanya hivyo na awamu iliyofuata ilikuwa ya kijani mpaka unafurahi. Jambo kama hilo mtu mwenye hela akikosea ananunua miche mingine, masikini akikosea mara moja ameshatoka, harudi. Kwahiyo mtaalamu aje mwanzo, asisubiri siku ya uzinduzi.

Sasa hata aliyepanda bado ana mtihani mwingine. Patula ukitaka mbao ya maana uiache ifike miaka 15, 18, na zaidi. Huku watu wanauza ya miaka nane, tisa. Sio kwamba hawajui, mtoto kafaulu, mzee kalazwa, kuna msiba, na dalali anakuja na hela taslimu mkononi, hapimi chochote, anatembea kwenye msitu anaangalia kwa macho anataja bei ya msitu mzima umesimama. Miti michanga ukiipasua kwa dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishika, inatoa mbao nyembamba chache, na mabanzi mengi, kwahiyo bei yenyewe inakuwa ya kutupa. Nimeona mzee kauza ekari mbili kwa hela iliyoishia kwenye matibabu ya mwezi mmoja, na miti ile ingekaa miaka sita tu mingine ingejenga nyumba.

Tulichofanya ni kuanzisha mfuko wa dharura ndani ya kikundi, kila wiki mtu anaweka hisa kama VICOBA vingine vyote, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ila huu una sharti moja la ziada, mwanachama mwenye miti akipata shida anakopa kwanza kwenye mfuko kabla hajamuita dalali. Mfuko hautoshi kila kitu, msiba mkubwa unatushinda. Lakini shida nyingi zinazomfanya mtu akate miti ni za laki moja, laki mbili, hazifiki milioni. Ukiweza kumvusha kwenye laki mbili umeokoa ekari nzima ya miti. Na miaka miwili mitatu ya mwanzo kabla kivuli hakijafunga tunapanda maharage, njegere na viazi katikati ya mistari, shamba linamlisha mtu huku miti inakua na palizi ya maharage ndio hiyo hiyo palizi ya miti.

Kwenye ardhi nitakaa kidogo maana hapa naumia. Kuna kipindi watu wa mjini walishtuka kwamba miti inalipa, wakaja huku kununua mashamba, na wazee wetu waliuza. Baba yangu aliuza, mnunuzi simtaji, alilipa alichoombwa. Leo baba akitaka kuni anaomba ruhusa kwa mlinzi kwenye shamba alilozaliwa. Kwa mahesabu ya makaratasi mlima ule sasa ni wa kijani kuliko zamani, hakuna ubishi, ila familia yetu iko nje ya huo ukijani. Ndio maana mradi wowote wa miti au parachichi ukianza bila kushughulikia hatimiliki za kimila, yaani hati za ardhi ya kijiji, mi nauona ni wa hatari, kwasababu ardhi ikipanda thamani wa kwanza kusukumwa ni asiye na karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, kwahiyo nendeni kwenye mkutano mkuu jamani, msiwaachie watu kumi wapitishe. Na hati iandikwe majina yote mawili, mume na mke. Yule shangazi aliyenikalisha jikoni, mume wake alipofariki mashemeji walikuja kudai miti, sio nyumba wala mahindi, miti. Aliokolewa na jina lake kuwa kwenye hati.

Na asiye na ardhi kabisa, anayeishi kwa kibarua, msimuache. Sisi tulipatanisha mwenye shamba lililolala na mwenye nguvu, mmoja anatoa ardhi mwingine anapanda na kupalilia, wanagawana miti, na tunaandika mbele ya mtendaji mistari ipi ni ya nani. Usiandike asilimia, andika mistari, kwasababu siku ya kuvuna asilimia inaleta ugomvi na mstari unaonekana kwa macho.

Kuna jambo la maji ambalo wageni wengi hawalioni. Masikini wa huku kiangazi anakula kutoka kwenye kinyungu, zile bustani za bondeni zenye unyevu, anapata mboga, mahindi mabichi na maharage wakati juu kumekauka. Milingoti, yaani mikaratusi, ikipandwa bondeni inakunywa maji yote, kinyungu kinakauka, na aliyepanda milingoti mara nyingi ndiye mwenye uwezo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, ni sheria nzuri, lakini nimeona ikianza kwa mama mwenye matuta sita ya chainizi wakati milingoti ya mtu mkubwa imesimama pembeni. Ianze milingoti. Maji ya mabonde haya yanaingia Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanakwenda mpaka bwawa la Mtera na kushuka Kidatu kuzalisha umeme wa nchi. Huyo mama analinda kitu kikubwa kuliko matuta yake, na kwenye miradi ya kulinda vyanzo awe wa kwanza kulipwa kwa kazi, awe kwenye kamati, sio wa kwanza kufukuzwa.

Gesi nisemee kwa kifupi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Mitungi ya ruzuku imesaidia, ila tatizo la kaya zetu liko kwenye kujaza mara ya pili, maana mkaa unaupata kwa kopo na gesi inakutaka hela yote kwa mkupuo. Tulianzisha buku kila Jumapili, unaweka elfu moja mpaka mtungi ukiisha hela ipo. Waliojiunga bado wanapikia gesi, wengi wasiojiunga mtungi umewekwa chini ya kitanda. Na jiko banifu la udongo libaki pale pale kwa ajili ya maharage.

Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10, yaani nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ipo na inafaa kwa kitalu na mizinga ya nyuki. Lakini mtu wa chini kabisa anakwamia kwenye nauli ya kwenda Mafinga mara tatu, kitambulisho cha NIDA, katiba ya kikundi, akaunti. Chagueni mtu mmoja mwenye subira awasindikize kila hatua mpaka mwisho, fomu peke yake haimfikii. Na kama anakuja mtu na mkataba wa kaboni, yaani wa kulipwa kwa kutunza miti inayonyonya hewa ya ukaa, msisaini siku hiyo hiyo, ombeni nakala ya Kiswahili ikae kijijini wiki mbili tatu, ulizeni ni miaka mingapi na kuni mtaokota wapi.

Nimalizie na moto, maana Septemba na Oktoba zinakuja. Miaka ya mwanzo tuliwakataza majirani kuingia msituni, moto ukitokea tunazima wenyewe watu nane. Baadae tukaruhusu kuokota matawi tuliyopogoa na kuchuma uyoga, na kazi ya kusafisha barabara za moto, ile mikanda isiyo na majani ya kuzuia moto usivuke, tukawapa wao kwa malipo mwezi wa saba na wa nane. Moto uliofuata ulipopanda kutoka bondeni usiku, nilipofika nilikuta watu zaidi ya sitini na matawi mabichi mkononi, wengine hata siwajui majina.

Kwahiyo wewe uliyeniandikia juzi kuhusu bajeti yako ya parachichi, angalia kama ina mstari wa chakula au kazi ya kulipwa kuanzia Januari mpaka Machi, kama haupo uweke kabla hujanunua mche hata mmoja. Sisi tuliuweka mwaka wa tatu kwa kufuta semina mbili na tisheti zote.