Kamera za nyumba za kupanga: msibanie diski
Dada, kwa jengo la wapangaji lenye kamera 8 kama lenu hapo Sinza, achaneni na za WiFi. Chukueni za waya wa mtandao, umeme unapita humo humo. Ila waya usizidi mita 100. Wengi hubania diski ya kuhifadhia video: kamera 8 zikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja, terabaiti 4 hujaa kwa siku 11 hivi, kisha rekoda inafuta za zamani. Mpangaji akirudi safari akute pikipiki haipo, mtaonyesha nini? Kamera ya getini ishushwe. Ikifungwa juu sana mtaona kofia tu. UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ni lazima kwa rekoda na kwa swichi inayounganisha nyaya za kamera. Na kamera isielekezwe dirishani kwa mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.