Warusi, Trump na 2016: jibu la mtu aliyelaiki ukurasa wao

Wakuu, mwenye uzi ameuliza swali moja tu: Trump alikula njama na Warusi kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani 2016, au alisingiziwa? Nimesoma majibu ya hapo juu, kila mtu anavuta kamba kwake. Mimi naishi Houston mwaka wa kumi na kitu sasa, na jambo hili lilinigusa kwa namna ambayo nilikuwa naona haya kuisimulia.

Mwaka ule nilikuwa nafuata ukurasa wa Facebook unaoitwa Blacktivist. Video za polisi wakipiga watu weusi, historia ya utumwa, maneno ya moto. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na wazee wakishalala ukurasa ule ndio ulikuwa unanifukuzia usingizi. Nilisheya mpaka kwa shemeji yangu Tanga. Disemba 2017 Facebook wakaweka mahali pa kuangalia kama uliwahi kulaiki kurasa za kampuni moja ya St. Petersburg, Internet Research Agency. Nikabonyeza nikiwa na hamu ya kumcheka jamaa yangu wa Mombasa, mshabiki wa Trump tuliyekuwa tukibishana naye kila Jumamosi kinyozini. Likatokea jina: Blacktivist. Kumbe yule "ndugu" mwenye uchungu na watu weusi alikuwa mwajiriwa wa ofisi Urusi, anaingia kazini na kutoka kama mimi.

Kuna lingine la hapa hapa mjini. Tarehe 21 Mei 2016 makundi mawili yalikutana Travis Street, nje ya kituo cha Kiislamu kilichomo kwenye jengo la zamani la benki ambalo Hakeem Olajuwon, yule Mnaijeria wa mpira wa kikapu, alilinunua. Upande huu walikuja kupinga Uislamu, wameitwa na ukurasa wa Heart of Texas. Upande wa pili walikuja kuutetea, nao kuna ukurasa wa "Waislamu" uliotangaza mkusanyiko mahali hapo hapo, siku hiyo hiyo. Kurasa zote mbili zilikuwa za watu wale wale wa St. Petersburg. Seneta Richard Burr alisema matangazo yake yaliwagharimu kama dola 200. Watu wazima walisimama juani kutukanana, na aliyewaalika hajawahi kuonja joto la Texas.

Kwa hiyo anayesema Warusi hawakuingilia, huyo simwelewi. Na kurasa ni nusu tu. Machi 2016 majasusi wa jeshi lao, GRU, walimtumia John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, mpinzani wa Trump, barua pepe iliyojifanya ya Google ikimwambia abadili nywila. Msaidizi mmoja wa kampeni aliulizwa kama ile barua ni ya kweli, akajibu ni halali. Baadaye akasema alikusudia kuandika kinyume chake. Oktoba 7 barua za Podesta zikaanza kumwagwa na WikiLeaks, tovuti ya kuanika nyaraka za siri, chini ya saa moja baada ya mkanda wa Trump akizungumzia kushika wanawake kuvuja. Mwendesha mashtaka maalumu Robert Mueller aliwashtaki maofisa 12 wa GRU, na kabla yao watu 13 na kampuni 3 za upande wa kurasa.

Sasa njama. Hapa ndipo mimi na Mmombasa tulikuwa tunapigana na kivuli. Mueller hakuuliza kama watu wa Trump walifurahia msaada. Alitafuta makubaliano, ya wazi au ya kimya kimya, kati yao na serikali ya Urusi. Kufurahia kuku wa wizi ni kitu kimoja, kupanga wizi ni kingine. Furaha ilikuwapo, tena imeandikwa. Donald Trump Jr., mwanawe Trump, aliahidiwa kwa barua pepe nyaraka za kumchafua Clinton kutoka Urusi, akajibu kwamba kama ni kweli, anapenda sana, na Juni 9 akakaa na mwanasheria mmoja wa Kirusi Trump Tower. Paul Manafort, aliyeongoza kampeni, alimpa Konstantin Kilimnik, mtu aliyewahi kufanya naye kazi, takwimu za kura za maoni, na mwaka 2020 kamati ya Seneti iliyokuwa chini ya Republican, chama cha Trump mwenyewe, ikamtaja Kilimnik kuwa ofisa wa ujasusi wa Urusi. Pamoja na yote hayo, ripoti ya Mueller ya kurasa 448 ilisema uchunguzi haukuthibitisha makubaliano. Kuhusu kuzuia uchunguzi, haikumtia Trump hatiani wala haikumsafisha.

Siku ripoti ilipotoka, Aprili 2019, nilinyoa bila kuongea. Mmombasa alikuwa na haki ya kutamba, maana mimi nilikuwa nimeapa mbele ya kinyozi kwamba Trump atatoka na pingu, na nilimeza lile jalada la Christopher Steele, jasusi mstaafu wa Uingereza aliyekusanya tetesi za Trump na Urusi, zima zima kama msahafu. Disemba ile mkaguzi wa Wizara ya Sheria alikuta makosa 17 kwenye maombi ya FBI ya kunasa mawasiliano ya Carter Page, aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Trump, ambayo yaliegemea jalada hilo. Ila Mmombasa naye akavuka mpaka, akaanza kusema hata Blacktivist ilitungwa na Democrat, chama cha Clinton. Nikamwonyesha simu yangu.

Kuna mmoja hapo juu ameuliza kama Warusi ndio waliompa Trump ushindi. Kwenye majimbo matatu yaliyoamua, Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, kwa pamoja aliongoza kwa kura kama 78,000, na hakuna ushahidi kwamba hata moja ilibadilishwa kwenye hesabu. Lililobaki ni vichwa vya watu, na hapo mizani sina, hata cha kwangu kinanishinda. Nilikuwa tayari raia. Novemba 3 Blacktivist ilihimiza watu wampigie Jill Stein, mgombea wa chama kidogo cha Green. Sikumpigia huyo wala mwingine. Novemba 8, siku ya uchaguzi, nilitoka zamu mbili mfululizo, nikalala. Mke wangu anakumbuka nilivyomjibu aliponiamsha tukapige kura: "Wote ni wale wale." Nimekaa nikijiuliza maneno yale niliyatoa wapi.