Makala ya Jaji Ramadhani: nini kibaki, nini kitoke

Ndugu uliyeuliza ukate nini kwenye rasimu yako ya Wikipedia kuhusu Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa zamani wa Tanzania, anza na kesi, maana makala za majaji huharibikia hapo. Umezirundika nyingi mno. Jaji wa Rufani huketi kwenye rufaa chungu nzima, na jina lake kuwemo kwenye jopo hakutoshi kuiingiza kesi. Ibaki ile ambayo watu wa nje ya mahakama, wanasheria kwenye majarida yao au waandishi wa habari, wameichambua wakimtaja yeye. Hukumu uliyoitoa TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, inathibitisha tarehe, majina ya majaji na amri iliyotolewa, basi. Kwamba ilikuwa "ya kihistoria" lazima aseme mtu mwingine, si hukumu yenyewe wala wewe.

Isiyoweza kukosekana ni rufaa ya mgombea binafsi, yaani anayegombea bila kudhaminiwa na chama, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ya Juni 2010. Umeandika "Ramadhani alimnyima Mtikila haki". Futa kabisa. Lilikuwa jopo la majaji saba, yeye akiliongoza, na lilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliomkubali mgombea binafsi, likisema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Kwa hiyo mtendaji wa sentensi ni Mahakama ya Rufani. Kisha ongeza kilichofuata: Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilimpa Mtikila ushindi. Wakati huo Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo, ila hakuketi kwenye shauri hilo, kwa kuwa Protokali, mkataba ulioianzisha mahakama hiyo, inamzuia jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Ukiiacha sentensi hii, msomaji atadhani aliketi kuipima hukumu yake mwenyewe, na hapo umemchafua marehemu bila kukusudia.

Kwenye vyeo umechanganya. Jaji Mkuu wa Zanzibar (1980 hadi 1989) na Jaji Mkuu wa Tanzania (2007 hadi 2010) ni nafasi mbili za mifumo miwili ya mahakama. Kwenye kisanduku cha wasifu zikae mbalimbali. Barnabas Samatta na Mohamed Chande Othman ni mtangulizi na mrithi wa ile ya pili tu. Urais wa Mahakama ya Afrika na umakamu mwenyekiti wa Tume ya Warioba, ile ya Mabadiliko ya Katiba, vinastahili aya zao.

Kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais mwaka 2015 usikufiche, wala usikupe kichwa cha habari. Sentensi mbili zinatosha. Upadri wa Kianglikana alioupata baada ya kustaafu ubaki, kwani ni nadra kwa Jaji Mkuu mstaafu. Ubrigedia wa jeshini nao ubaki. Mpira wa kikapu, nusu sentensi.

"Mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu" umeyatoa kwenye tanzia za Aprili 2020. Tanzia inafaa kwa tarehe na mahali. Sifa zake ni za msibani. "Mheshimiwa" na "Hayati" navyo vitoke kila vilipo, aitwe Ramadhani tu. Majina ya watoto, shule zao na mtaa wanakoishi yaondoe leo hii, kabla hujagusa kingine: wao wako hai na hawakushika ofisi ya umma.