Makafara, visomo na mazindiko: vinampata nani, na vinashindwa wapi

Mkuu aliyeuliza kama makafara na visomo vinaleta matokeo kweli au ni kuliwa hela tu: inategemea unataka kumpata nani. Tambiko humpata mtu anayelijua, akaliogopa au akalitumainia. Risasi haina habari nalo, wala kimelea cha malaria.

Chukua halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi, maana katika mambo haya yote ndiyo yenye sifa ya kurudisha mali. Huku Pwani mtu akiibiwa cherehani, kitu cha kwanza si ubani, ni tangazo. Anapita kwa mjumbe, msikitini, kijiweni kwa wanywa kahawa: nimeibiwa, natoa siku saba, isiporudi naisomea. Siku zikitimia ndipo wanapoketi walimu na chetezo, yakasomwa majina ya watu wa Badri, waliopigana vita hivyo pamoja na Mtume, ambao kwa hesabu inayotajwa sana ni 313, na mwizi akaapizwa. Sasa angalia mali hurudi lini. Ikirudi, mara nyingi ni ndani ya zile siku saba, usiku, imetupwa uani, kabla hata mkaa wa chetezo haujashika moto. Kilichoirudisha ni tangazo.

Ndiyo maana kuna njia za kuiharibu. Kusoma kimyakimya ni kazi bure. Muda wa siku moja ni mfupi, mwizi hapati nafasi ya kurudisha bila kuonekana. Ukikesha uani na rungu unamvizia, umeifunga mwenyewe njia ya mali kurudi. Na mwizi wa kupita, aliyekwishapanda basi na cherehani lako, hakusikia tangazo, kwa hiyo hana la kuogopa. Ubaya mwingine huja baada ya kisomo: mgonjwa wa kwanza mtaani ndiye anayehesabiwa mwizi, hata kama ana homa ya matumbo tu. Watu wameharibiana ujirani kwa hesabu hiyo.

Vita vya Majimaji, vya kupinga utawala wa Wajerumani, vilikuwa hivyo hivyo kwa kipimo kikubwa. Dawa ya mganga Kinjeketile kule Ngarambe mwaka 1905, maji yaliyochanganywa na mbono na mtama, iliwaunganisha watu kuanzia Umatumbi hadi Ungoni ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja. Hayo ni matokeo, tena makubwa. Lakini tarehe 30 Agosti mwaka huo, mbele ya boma la Mahenge, bunduki za rashasha hazikugeuza risasi kuwa maji. Dawa ilifanya kazi kwa waliokunywa. Wajerumani hawakunywa.

Kwenye maradhi ndipo penye utata, na ndipo watu wanapopigwa. Maumivu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, tumbo linalosumbua bila kidonda: haya hupungua kwa kuhudumiwa tu. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard na wenzake walichapisha jaribio la watu 80 wenye tumbo la namna hiyo. Kundi moja lilipewa vidonge visivyo na dawa, tena wakaambiwa waziwazi kuwa havina dawa. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Kwa wasiopewa kidonge ilikuwa asilimia 35. Kama kidonge kitupu kinafanya hivyo, usishangae ngoma ya pepo: fundi, uvumba, chano cha vyakula, kiti, yaani mgonjwa aliyepandwa na pepo, amepumzishwa kazi, jamaa wamekaa wanamtazama yeye, na pepo anasema hadharani yale ambayo mke hawezi kumwambia mumewe. Pepo akidai kanga mpya na kutopigwa, mume anakubali mbele ya mashahidi. Kweli mgonjwa atanyanyuka. Kombe, maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa, nalo liko kundi hilo hilo, zafarani na marashi ya waridi kwenye sahani nyeupe, ilimradi mwandishi asiweke wino wa dukani na maji ya kuoshea yawe yamechemshwa.

Mtego ni degedege. Mtoto ana homa, anakakamaa, macho yanageuka juu. Bibi anamfukiza mavi ya tembo, dakika chache baadaye mtoto analegea na kutulia. Imekubali! Basi hospitali inaahirishwa, na tena kuna ile imani kwamba sindano itamuua. Lakini degedege la homa kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika chache, umefukiza au hukufukiza. Na kama chanzo ni malaria, wadudu bado wamo kwenye damu wanaongezeka, na ikiwa imeshapanda kichwani mtoto anaweza kufa kabla ya kesho jioni. Moshi umepewa sifa ya kazi iliyofanywa na saa. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, anza safari ya kituo cha afya. Kufukiza kama lazima, mtafukiza mkirudi.

Kikombe cha Samunge, Loliondo, 2011, ile dawa ya mchungaji Ambilikile Masapila iliyonywewa kwa shilingi 500, kilikuwa na mtego wa jamaa moja na huu. Mwenye kisukari au VVU akitoka pale na matumaini hujisikia mzima kweli, lakini kujisikia si kipimo. Aliyeacha ARV, virusi hupanda tena ndani ya wiki chache wakati yeye bado anashukuru.

Ukitaka kupima, andika kabla. Mganga aseme nini kitatokea, kwa nani, kufikia lini, uandike na tarehe. Anayeagua jinsia ya mtoto tumboni hupatia nusu bila kujua lolote: kati ya wateja kumi, watano hivi wanarudi na jogoo wa shukrani na kusambaza habari, watano hawarudi, na kilinge kinajaa ushuhuda. Mpira ndiyo usiseme. Timu zote mbili zina kamati ya ufundi, yaani watu wa kushughulikia uganga, moja lazima ishinde, na mganga wa iliyofungwa atakwambia masharti yalivunjwa. Masharti yasiyoandikwa huvunjika kila mara.

Kuna na mambo ya macho. Lile la damu kwenye kitambaa limewatoa watu ng'ombe. Unaoshwa mikono kwa "maji ya dawa", unaambiwa ufute kwenye kitambaa cha njano, alama za viganja vyako zinatokea hapo nyekundu kama damu, kisha unaambiwa ni nani kwenu anayekumaliza. Hiyo ndiyo ramli chonganishi, na huko Usukumani imeua vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Ufundi wake uko jikoni: kijiko cha chai cha manjano kwenye kikombe cha maji, loweka kitambaa cheupe, anika kikauke. Maji ya dawa ni magadi yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Manjano yakikutana na magadi yanageuka mekundu, kama vile doa la mchuzi wa biriani kwenye kanzu linavyogeuka ukilipaka sabuni ya mche. Magadi yakiwa machache rangi inakuwa kama kutu, ndiyo maana mafundi hao hupenda kilinge chenye giza kidogo.

Kwa hiyo ukienda, nenda na ndimu mfukoni. Ikamulie palepale kwenye hiyo damu: ikiwa ni manjano, itarudi kuwa ya njano mbele ya macho ya wote.